Mpewa hapokonyeki? Mali, kibali cha Mungu na kitabu cha Ayubu

Mtafuta Mizani ameuliza:

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa wale waliosoma Maandiko kwa muda mrefu kuliko mimi.

Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia yuko mzee mmoja ambaye, ndani ya mwaka mmoja, alipoteza kazi, kisha biashara ndogo aliyoianzisha kwa kiinua mgongo chake nayo ikafa. Juma lililopita, baada ya kusoma Zaburi ya 1, kiongozi wetu alimtazama, akamwuliza kwa upole kabisa, tena mbele yetu sote, kama hakuna jambo ambalo bado hajalitubu. Yule mzee hakujibu. Alikuwa ameshika kalamu, akawa anautoa mfuniko wake na kuurudisha, anautoa na kuurudisha, mpaka sala ya kufunga. Mimi nami nilikaa kimya, na kimya hicho ndicho kinachonikosesha raha.

Kinachonitatiza ni kwamba kiongozi wetu hakuyatoa maneno yake hewani. Zaburi ile inasema juu ya mwenye haki kwamba kila alitendalo litafanikiwa. Kumbukumbu la Torati 28 inaahidi ghala zilizojaa, mvua kwa majira yake, na kuwa kichwa wala si mkia. Mithali 10:22 inasema kwamba baraka ya Bwana hutajirisha. Hata lugha yetu inaonekana kumwunga mkono, kwa maana mtu akipata mali tunasema ameneemeka, na neema hiyo hiyo ndiyo tunayoihubiri kuwa inaokoa. Kisha tunamalizia kwa kusema kwamba mpewa hapokonyeki. Sasa huyu aliyepokonywa, tuseme hakupewa?

Swali langu ni hili: je, kwa mujibu wa Maandiko, mafanikio ya mali ni alama ya kibali cha Mungu? Na kama si alama, zile ahadi tuzisome namna gani? Naomba nisijibiwe kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale, kwa sababu Ayubu, yule mwenye haki aliyepoteza kila kitu, naye yumo humo humo.

---

Karani Mstaafu amejibu:

Ndugu Mtafuta Mizani, pole kwa kimya hicho. Wengi wetu tumewahi kukaa kimya cha namna hiyo.

Nadhani tatizo ni kauli mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza inasema kwamba Mungu hutoa mali. Ya pili inasema kwamba mwenye mali amekubaliwa na Mungu, na asiye nayo amekataliwa. Maandiko yanaifundisha ya kwanza waziwazi, lakini ya pili ni ile ya kwanza iliyosomwa kinyumenyume. Mvua hulowesha ardhi, lakini si kila ardhi uliyoikuta imelowa imenyeshewa. Huenda mtu amemwaga maji hapo.

Tazama Mwanzo 39. Aya ya 2 inasema kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu, naye akawa mtu mwenye kusitawi. Tunaipenda aya hiyo, ila tunasahau kwamba wakati inaandikwa juu yake, Yusufu mwenyewe ni mali ya mtu: ndugu zake wamemwuza kwa vipande 20 vya fedha, na Potifa amemnunua. Hana kondoo, hana hema, hata nguo aliyovaa itatumika kumsingizia. Katika aya ya 20 anatupwa gerezani, na aya ya 21 inarudia maneno yale yale, kwamba Bwana alikuwa pamoja naye. Angekuja mtu kupima kibali cha Mungu kwa kuangalia alicho nacho Yusufu, angemkosa Yusufu kabisa, kisha angeingia sebuleni kwa Potifa na kumpongeza yeye.

Kinyume chake ni Abramu. Mwanzo 13:2 inasema alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Ukirudi nyuma kidogo, hadi 12:16, utaona mahali sehemu ya mifugo hiyo ilikotoka: Farao alimpa kondoo, ng'ombe, punda, watumwa na ngamia kwa ajili ya Sarai, baada ya Abramu kumtambulisha mkewe kuwa ni dada yake. Mwandishi hasemi kwamba huo ulikuwa ushahidi wa imani yake. Anasimulia tu, na msomaji mwenye aibu anaona aibu. Ndiyo maana napenda sana sura ya 14, ambapo mfalme wa Sodoma anampa nyara, naye anakataa hata uzi na gidamu ya kiatu, ili mfalme huyo asije akasema, "Nimemtajirisha Abramu." Nadhani kufikia hapo Abramu alikwisha kujua kwamba mali husema, na kwamba mara nyingine husema uongo juu ya aliyeitoa.

Ama kuhusu kikundi chenu, someni Ayubu sura ya 22. Elifazi, mmoja wa rafiki watatu wa Ayubu, aliyeanza kwa upole kama kiongozi wenu, sasa anaorodhesha dhambi za Ayubu moja baada ya nyingine: ametwaa rehani za ndugu zake bure, amewavua walio uchi mavazi yao, hakumpa maji mtu aliyechoka, amewafukuza wajane mikono mitupu. Msomaji anajua tangu 1:1, inayomwita Ayubu mkamilifu, kwamba hakuna hata moja lililo la kweli. Elifazi hana shahidi wala hajaona lolote. Alicho nacho ni hasara ya Ayubu tu, na kutokana na hasara hiyo anatunga makosa ya kulingana nayo. Hivyo ndivyo usomaji wa kinyumenyume unavyofanya kazi. Unaanza na swali la upole na unaishia katika kumsingizia mtu, kwa sababu hesabu lazima ilingane. Na katika 42:7 Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona nikiwa nimekwisha kukisoma kitabu hicho mara nyingi. Shetani anauliza katika 1:9, "Je, huyo Ayubu yuamcha Bwana bure?" Swali hilo lina maana tu ikiwa mali ya Ayubu si mshahara wake. Tukisema kwamba kila amchaye Mungu hulipwa kwa mali, na hulipwa hapa hapa, basi tumempa Shetani ushindi kabla kesi haijaanza, kwa maana hakuna tena atakayeweza kuonyesha kwamba alimpenda Mungu kwa ajili ya Mungu.

---

Dada Msemakweli amejibu:

Shikamoo, mzee wangu Karani. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini naomba nivute kamba upande wa pili kidogo, kwa sababu nimewahi kuona mjadala huu ukiishia mahali pabaya pia.

Nilikulia katika nyumba isiyokuwa na kitu, na waliotuambia kwamba umaskini ni njia ya kumkaribia Mungu walikuwa watu walioshiba. Biblia haisemi hivyo. Kumbukumbu la Torati 8:18 inasema kwamba Mungu ndiye ampaye mtu nguvu za kupata utajiri. Mithali 10:4 inasema mkono wa mwenye bidii hutajirisha. Isaka alipanda mbegu katika nchi iliyokuwa na njaa na akavuna mara mia, na Mwanzo 26:12 inasema bila kuficha kwamba Bwana alimbariki. Hata katika mfano wa Lazaro, ambao husomwa kana kwamba ni hukumu juu ya kila tajiri, maskini yule anapokelewa kifuani mwa Ibrahimu, na Ibrahimu alikuwa tajiri. Mtu akifanya kazi halali, akalipwa, akamshukuru Mungu, asiambiwe kwamba anajivuna. Shukrani yake ni ya kweli.

Hata hivyo nikiri jambo moja linalonikata maneno mwenyewe. Kwa miaka mingi nilimsikia mhubiri wetu akisoma Malaki 3:10, ile ya madirisha ya mbinguni, tukiwa tumeshika bahasha mkononi. Siku moja niliendelea kusoma wakati yeye amekwisha kufunga kitabu. Aya ya 15, yaani aya tano tu mbele, watu wanalalamika kwamba wenye kiburi ndio wanaoitwa heri, na kwamba watendao uovu ndio wanaojengwa. Nabii huyo huyo, sura hiyo hiyo. Wasikilizaji wa Malaki walikuwa wakiona kwa macho yao kwamba ahadi na hali haviendi sambamba kila siku, na kitabu hakikufuta malalamiko yao. Kiliyaacha yakae pale pale jirani na ahadi. Sijawahi kuisikia aya ya 15 ikisomwa wakati wa sadaka.

---

Abu Salma amejibu:

Ndugu zangu, naomba niingie kwa heshima, maana mimi ni Mwislamu, lakini swali aliloliuliza ndugu Mtafuta Mizani limejibiwa ndani ya Qur'ani kwa namna ambayo huenda ikawafaa.

Katika Sura Al-Fajr (89), aya ya 15 na 16, Mwenyezi Mungu anamweleza mwanadamu kwa sura mbili. Anapojaribiwa kwa kukirimiwa na kuneemeshwa, husema, "Mola wangu amenikirimu." Anapojaribiwa kwa kupunguziwa riziki, husema, "Mola wangu amenidhalilisha." Kisha aya ya 17 inaanza na neno moja zito, *kallaa*, yaani sivyo hivyo hata kidogo. Angalieni kwamba kitenzi cha kujaribiwa kimetumika mara zote mbili. Kupewa ni mtihani, na kunyimwa ni mtihani. Wanafunzi wamekalishwa katika chumba kimoja, ila karatasi zao zina maswali tofauti. Na aya inapoendelea hailaumu umaskini wala utajiri, bali inawalaumu wasiomkirimu yatima wala kuhimizana kumlisha maskini.

Mzee Karani amesema vizuri juu ya mali inayosema uongo. Qarun, katika Sura Al-Qasas (28), alikuwa na hazina ambazo funguo zake ziliwalemea watu wenye nguvu. Alipotoka mbele ya watu na mapambo yake, waliotamani dunia walisema laiti nasi tungekuwa na mfano wa alivyopewa Qarun, hakika yeye ana bahati kubwa. Kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake, na wale wale waliotamani cheo chake jana, wakaamka wakisema maneno mengine. Wanazuoni wetu wana neno istidraji, linalotokana na aya ya 182 ya Sura Al-A'raf, kwa maana ya mtu kuvutwa kidogo kidogo kwa neema asiyoijua mwisho wake. Yaani kuna kupewa ambako ni kibali, na kuna kupewa ambako ni kamba inayolegezwa.

Nisiseme lakini kwamba kwetu hakuna ahadi. Katika Sura Nuh (71) Nabii Nuhu anawaambia watu wake waombe msamaha, na Mola wao atawaletea mvua tele, na mali, na wana. Kwa hiyo mvutano anaoueleza Dada Msemakweli tunao na sisi, na sidhani kwamba ni kasoro. Ayubu pia tunaye. Katika Sura Sad (38) anasifiwa kwa subira na kuitwa mja mwema, na sifa hiyo haikungoja hesabu ya mifugo.

---

Mtafuta Mizani ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na wewe Abu Salma kwa namna ya pekee. Neno lile "sivyo hivyo" nimeliandika pembeni mwa Zaburi yangu.

Bado nina shida moja. Mzee Karani, umenionyesha vizuri kwamba hatuwezi kumpima mtu kwa mali, lakini Kumbukumbu la Torati 28 haionekani kuwa na mafumbo: ukitii, utabarikiwa mjini na mashambani, usipotii, utalaaniwa mjini na mashambani. Kiongozi wetu atasema kwamba aya zenyewe ndizo zinazofunga hesabu, si yeye.

---

Karani Mstaafu amejibu:

Swali zuri, na nilikuwa nimeliruka kwa makusudi kwa sababu jibu lake si la sentensi moja.

Kwanza, tuangalie anayeambiwa. Neno "wewe" katika sura ile ni umoja, nasi tunalisoma kana kwamba kila mmoja wetu amepelekewa barua yake. Lakini anayeambiwa ni Israeli, taifa zima, kana kwamba ni mtu mmoja. Ndiyo maana baraka zenyewe ni za kitaifa: mvua juu ya nchi, adui kukimbia kwa njia saba, kuyakopesha mataifa. Ukigeuza ukurasa ukafika 29:10-11, utakuta waliosimama mbele ya Bwana siku hiyo wakitajwa kuanzia wakuu wa makabila hadi mchanja kuni na mteka maji. Wote wamo katika agano moja, na bado mmoja anachanja kuni na mwingine ni mkuu. Sura ya 15 inakwenda mbali zaidi: aya ya 4 inasema hakutakuwa na maskini kwenu, na aya ya 11 inasema maskini hawatakoma katika nchi. Kilicho katikati ya aya hizo ni amri ya kumfumbulia ndugu yako mkono. Maskini akionekana katika nchi iliyobarikiwa, Torati haimwulizi yeye dhambi yake. Inamgeukia jirani yake.

Pili, Maandiko yenyewe yanatoa mfano wa taifa lililofanikiwa bila kukubaliwa. Mfalme Yeroboamu wa pili wa Israeli alitawala huko Samaria miaka 41, na 2 Wafalme 14:24 inasema wazi kwamba alifanya maovu. Aya inayofuata inasema alirudisha mipaka ya Israeli, tena sawasawa na neno la Bwana kwa kinywa cha nabii Yona. Kwa nini? Aya ya 26 inajibu: kwa kuwa Bwana aliona mateso ya Israeli kuwa machungu sana. Yaani mafanikio yale yalitoka kwa Mungu kweli, lakini yalikuwa huruma kwa wanaoumia, wala hayakuwa cheti cha mfalme. Wakati huo huo nabii Amosi alikuwa akiwatazama wakubwa wa Samaria wamelala juu ya vitanda vya pembe, huku wenye haki wakiuzwa kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu. Wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vipande vingi vya pembe za ndovu zilizochongwa katika magofu ya Samaria miaka ya 1930. Ukiviona katika picha ni vizuri kweli, na unaelewa kwa nini mtu aliyelala juu yake angedhani kwamba mbinguni kumetulia. Mwaka 722 KK hivi mji ukaanguka mikononi mwa Waashuri.

La tatu nitalitaja kwa ufupi. Katika Marko 10 Yesu anasema jinsi ilivyo vigumu kwa wenye mali kuingia katika ufalme wa Mungu, na wanafunzi wanashangaa mno, wakiulizana, "Ni nani basi awezaye kuokoka?" Mshangao huo una maana tu kama walikuwa wakidhani, kama kiongozi wenu, kwamba tajiri ndiye aliye karibu zaidi na mlango.

---

Dada Msemakweli ameongeza:

Mzee Karani amemaliza kazi, nami niongeze dogo kuhusu mwisho wa Ayubu, kwa sababu najua kiongozi wa kikundi atakimbilia huko na kusema, "Mnaona, alirudishiwa maradufu!"

Ni kweli. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Lakini yeye mwenyewe hajui kwamba watarudi. Anasema "sasa jicho langu linakuona" akiwa bado katika majivu, kabla hajaona mkia wa ngamia hata mmoja. Wala hakuna mahali kitabu kinaposema kwamba mifugo ilirudi kwa sababu alitubu dhambi alizotungiwa na Elifazi. Mambo yake yaligeuka alipowaombea rafiki zake hao. Kisha soma 42:11. Kati ya aya inayotangaza kwamba atarudishiwa na aya inayohesabu kondoo, jamaa zake wote wanakuja nyumbani kwake, wanakula naye, wanamlilia, na kila mmoja anamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Walikuwa wapi sura zote zile, sijui. Lakini kitu cha kwanza kilichorudi mkononi mwa Ayubu kilitoka mifukoni mwa watu.

---

Mtafuta Mizani ameandika tena:

Nimempelekea kiongozi wetu maneno yenu yote bila kupunguza, naye hakukasirika kama nilivyohofia. Tumekubaliana kusoma Ayubu juma lijalo, tukianza na sura ya 42. Nilipomwarifu yule mzee, alisema atakuja, na kwamba yuko tayari kusoma yeye mwenyewe kwa sauti, ila tuanze na sura ya 22.